Uzi wa Kidole Gumba

Kuna watu Mungu aliwapimia usingizi kwa kijiko, na kuna wengine aliwamiminia kwa debe mpaka ukamwagika. Kamrudini, mwenye duka pale Kharumwa, alikuwa wa kundi la pili. Alilala usingizi wa pono. Mvua ya mawe ilipopiga bati la duka lake usiku kucha, asubuhi alitoka akauliza nani amemwaga maji uani. Fisi waliwahi kumla mbwa wake chini ya dirisha, naye akawa mtu wa mwisho Kharumwa nzima kujua kwamba hana mbwa.

Wakati mkewe Khairunisa yu hai, jambo hili lilikuwa la kuchekesha tu. Khairunisa ndiye aliyeijua dawa. Kumwita jina hakukufaa kitu, kumtikisa bega ndiyo kabisa. Lakini ukimvuta kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa nguvu kidogo kama mtu anayekamua ng'ombe, Kamrudini alifumbua macho papo hapo na kusema, "Nipo." Kila alfajiri ya ndoa yao ilianza hivyo, kidole, kisha "nipo." Halafu Khairunisa akaugua, akafa, akazikwa kwenye makaburi machache ya Waislamu pembeni mwa njia, na kile kidole kikabaki hakina mwenyewe.

Maduka mengine ya Wahindi barabarani pale yalishafungwa zamani. Wenyewe walikwenda Mwanza, wengine Uingereza, na Firoz, mtoto pekee wa Kamrudini, alikuwa Kanada na alishamwita baba yake mpaka akachoka. Kamrudini hakwenda. Ukimuuliza sababu, alikujibu kwamba hawezi kumwacha Khairunisa peke yake porini. Jibu zuri hilo, tena la kweli, ila aliyeachwa peke yake porini alikuwa yeye.

Sasa nilitaje lililokuwa likimsumbua, maana mwenyewe hakumwambia mtu. Siku moja ya gulio, baada ya msiba, alilala mpaka alasiri. Gulio lilijaa, likauza, likatawanyika, duka lake limefungwa. Alipofungua mlango akasimama barazani, uso umevimba kwa usingizi, akangoja mtu amuulize, "Mzee, kulikoni leo?" Watu wakapita na baiskeli zao. Mwaka ule wa themanini na tatu rafu za maduka zilikuwa tupu nchi nzima, kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kutembea nayo kijiji kizima, na duka lililofungwa halikumshangaza mtu. Lakini Kamrudini aliingia ndani akakaa juu ya gunia, na hofu ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Aliona waziwazi kwamba ipo siku atalala asiamke, na watu watapita na baiskeli zao vivyo hivyo, mpaka harufu iwaambie.

Ndipo Ramadhani ikaingia, ya kwanza bila Khairunisa. Bila wa kumwamsha, daku lilimpita. Saa yake ya kuamshia ilikuwa imekatika springi, na springi ya saa mwaka ule ungeitafuta wapi? Akafunga hivyo hivyo, kutoka futari mpaka futari, na siku chache tu akaanza kuyumba.

Wa kwanza kuona alikuwa Mbuke. Huyu alikuwa mjane wa Kisukuma, nyumba yake ya udongo ipo nyuma ya duka, ng'ambo ya ua wa minyaa, na kila siku aliuza michembe barazani kwa Kamrudini, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Alikuwa na mizimu ya kwao na ilimtosha. Mwanawe mmoja, Bujiku, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na tangu aende hajaleta hata salamu. Kama Wasukuma wengi wa umri wake, Mbuke hakuwa na haja na herufi r.

"Mwangaluka, Baba Filozi," alimwamkia asubuhi hiyo. "Mbona unayumba kama umeamkia pombe ya mtama?"

"Nimefunga, Mama Bujiku."

"Mwaka jana ulifunga, hukuyumba."

"Mwaka jana nilikula daku. Mwaka huu siamki."

Jioni Mbuke akamletea jogoo wake amfunge mguu kwenye tendegu la kitanda, akasema huyu ataamsha hata mawe. Jogoo alifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliwika mpaka sauti ikamkauka. Kulipopambazuka Mbuke alichungulia dirishani, akamkuta amejikunyata pembeni kimya, kama mtu aliyekata tamaa ya kazi, na Kamrudini bado anakoroma. Jogoo akarudishwa kwao, na nadhani hakuwasamehe.

Kamrudini akaona isiwe taabu. Alikuwa mtu wa mizani, na mizani ile, yenye masinia mawili ya shaba, ilikuwa imekaa kaunta miezi na miezi haina cha kupima. Akaibeba mpaka chumbani. Kwenye sinia moja akaweka jiwe la mizani, kwenye jingine kopo tupu. Juu ya kopo akatundika debe la maji alilolitoboa kwa msumari mwembamba, maji yadondoke tone kwa tone. Kopo likijaa, lizidi jiwe, sinia lishuke, livute kamba, kamba ichomoe kijiti, na kijiti kile ndicho kilichoshikilia juu darini mzigo wa makopo ya rangi, madebe ya mafuta ya taa, vifuniko vya sufuria na mnyororo wa baiskeli. Vyote hivyo viangukie kipande cha bati kilicholazwa kando ya kitanda. Alishinda mchana kutwa akiongeza na kupunguza maji, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kujikuta anaimba. Usiku akalala kwa amani.

Jambo moja alilisahau, au tuseme hakudhani linamhusu. Wakati ule sungusungu walikuwa wameanza. Wezi wa ng'ombe waliwachosha watu mno; kila kijiji kikachagua mtemi wa ulinzi na kila mwanaume akachonga upinde. Na desturi ya zamani ya Usukuma ikapewa meno mapya. Mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, kila mtu atoke mbio alivyo. Asiyetoka atalipa mchenya, ndiyo faini yao. Na anayepiga mwano bila sababu, naye atalipa mchenya.

Kilichotokea usiku ule Kamrudini alisimuliwa tu, maana hakuwepo, alikuwa usingizini. Mizani ilipima sawasawa. Kijiti kilichomoka, mzigo ukashuka juu ya bati, na kelele ile ikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Watu wakajua duka linavunjwa. Mmoja akapiga mwano, wa pili akaupokea, na kabla hujamaliza kujifunga shuka, wanaume wa Kharumwa walikuwa wamelizunguka duka kwa mishale na marungu. Wakaita. Kimya. Wakasema wameshamuua mzee wa watu. Wakavunja mlango.

Yeye alianza kujua habari hizo pale maji ya baridi yalipomwagika usoni mwake. Alifumbua macho, akaona chumba kimejaa wanaume wenye pinde, vijinga vya moto mkononi, na Mbuke amesimama mbele yao na kibuyu kitupu. Kamrudini akaketi kitandani. Mazoea ya biashara ni kitu kibaya, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Karibuni. Sukari hakuna."

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Asiyecheka alikuwa Mihayo, mtemi wao, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu. Aliizunguka ile mitambo, akaangalia debe, akaangalia mizani, akagusa kamba kwa ncha ya upinde.

"Baba Firoz," alisema, "umetengeneza kitu cha kuamsha mtu mmoja. Kimeamsha Kharumwa nzima, isipokuwa huyo mtu."

"Nisameheni, ndugu zangu. Ni kwa ajili ya daku."

"Mchenya wa mwano wa bure ni mbuzi. Mbuzi unaye?"

"Sina."

"Najua huna." Mihayo akaushusha upinde. "Tunakuachia. Umekaa na sisi miaka mingi, lakini umekaa ndani ya duka. Hukufundishwa. Ila nasema mbele ya wote: debe hili likilia tena, mtu asitoke. Debe la Kamrudini si mwano. Mwano ni sauti ya mtu."

Wakaondoka, kila mmoja na njia yake, wakicheka gizani. Kamrudini akabaki amekaa katikati ya makopo yake. Chumba kile hakikuwahi kujaa watu vile tangu msiba wa Khairunisa. Aliona aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo asingethubutu kuisema: walikuja. Walidhani ameuawa, wakaja mbio. Kisha akayakumbuka maneno ya mwisho ya Mihayo, na furaha ikazimika. Hawatakuja tena.

Asubuhi Mbuke alitandika michembe yake barazani kama kawaida. Kamrudini alipotoka, akamuuliza:

"Mkeo alikuwa anakuamshaje?"

Kamrudini akaona haya, akatazama barabarani. "Kidole," alisema.

"Kidole gani?"

"Cha mguu. Gumba. Alikuwa anakivuta."

Mbuke alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mimi chumbani kwako siingii, Baba Filozi, watu wana midomo. Una uzi?"

Uzi ulikuwepo. Katika duka zima uzi wa kushonea magunia ndio pekee uliobaki kwa wingi, kwa kuwa magunia yenyewe hayakupatikana. Wakaupitisha dirishani kwake, juu ya minyaa, mpaka kwenye kidirisha cha Mbuke. Upande huu ungefungwa kidole gumba. Upande ule Mbuke angeufunga kifundo cha mkono.

"Nikivuta, na wewe uvute," alimwelekeza. "Mala mbili. Nijue umeamka, nisije nikawa navuta maiti."

"Na wewe atakuamsha nani?"

"Mimi nalala kama kuku, jicho moja wazi." Akapanga michembe yake upya ingawa ilikuwa imepangika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini ukivuta, nitajua kuna mtu. Tangu Bujiku aende, naweza kuamka, nikapika, nikala, nikalala tena, hakuna aliyejua kama nimeamka."

Kamrudini akamsaidia kupanga michembe. Alikuwa amedhani hofu ile ni yake peke yake Kharumwa nzima, kumbe ilikuwa inalala ng'ambo ya minyaa pia, tena usingizi wa kuku.

Basi daku likaliwa. Alfajiri uzi ulikaza, kidole kikavutwa, na Kamrudini akafumbua macho akasema, "Nipo," ingawa hakuna aliyemsikia, kisha akavuta mara mbili. Alikula michembe iliyochemshwa kwa karanga, ambayo Mbuke alimwachia jioni ikiwa imefunikwa kwa kawa. Mchana akasimama wima. Kijiji kilijua habari ya uzi, maana Kharumwa hakuna siri, na vijana walitania kwamba Mhindi amefungwa kamba kama ndama. Yeye akacheka nao.

Mwezi ukaandama. Usiku wa kuamkia Idi, Kamrudini alikaa kitandani na uzi mkononi. Kazi yake imekwisha, aliwaza. Haifai kumsumbua mama wa watu. Lakini hakuwa na moyo wa kuufungua, akajifunga kidole kwa mara ya mwisho, akalala. Alfajiri ya Idi, wakati hakuna daku wala sababu yoyote duniani, kidole kikavutwa. Akavuta mara mbili. Asubuhi walipoonana barazani, wakaamkiana, wakasema habari za jua. Uzi haukutajwa. Wala haukufunguliwa tena, si kesho yake wala keshokutwa.

Ukapita upepo wa kiangazi na vumbi lake, pamba ikauzwa, mawingu yakajikusanya upande wa ziwa. Uzi ulipooza kwa jua, Kamrudini aliubadilisha. Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaanza kwenda mashambani alfajiri na majembe begani.

Siku moja katika mvua hizo Kamrudini aliamka mwenyewe. Alilala pale akishangaa. Kulikuwa na mwanga kwenye ufa wa mlango, na tangu uzi ufungwe hakuwahi kuuona mwanga ule akiwa kitandani. Kidole hakikuvutwa. Akatabasamu kwanza. Leo kuku amefumba macho yote mawili, aliwaza. Leo nitamtania mpaka jioni. Akavuta uzi mara mbili.

Uzi ulikuja kidogo, kisha ukarudi. Kulikuwa na kitu kizito upande wa pili.

Akavuta tena. Ukaja, ukarudi.

Hakuvaa viatu. Alizunguka minyaa, uzi ukiburuzika kidoleni kwenye matope, akabisha hodi, akabisha tena, akasukuma mlango ambao tangu ahamie Kharumwa hakuwahi kuuvuka. Mbuke alikuwa amelala ubavu, amejifunika khanga, mkono wenye uzi umening'inia nje ya kitanda. Uso ulitulia. Kamrudini akamwita, Mama Bujiku, Mama Bujiku. Kisha akafanya kitu ambacho baadaye hakukisimulia kwa mtu. Alipiga magoti miguuni pa kitanda, akamshika kidole gumba cha mguu, akakivuta. Kilikuwa baridi. Akakivuta tena, kwa nguvu kidogo, akangoja.

Alipoinuka alikuwa analia. Alikimbia nje akatazama kulia na kushoto, na hakuna aliyepita; wote walikuwa mashambani. Akakimbilia chumbani kwake. Mizani bado ilikuwa pale pembeni, makopo yamerundikwa. Akayainua yote kwa mikono miwili akayabwaga juu ya bati, akayainua tena akayabwaga. Kelele ilienda mpaka ng'ambo ya mto kama siku ile. Mashambani watu waliinua vichwa, wakaangaliana, wakacheka. "Kamrudini ameanza vituko vyake," mmoja alisema, na majembe yakaendelea. Hawakukosea. Walikuwa wanatii neno la mtemi wao.

Kamrudini akalikumbuka neno lile. Akatoka, akasimama katikati ya barabara, miguu wazi, uzi kidoleni. Mwano wa mchana alishausikia mara nyingi, lakini daima akiwa ndani, komeo limefungwa, akichungulia dirishani. Hakuwahi kuupiga. Yowe la kwanza lilitoka kavu kama kikohozi. Akajaza pumzi, akaweka kiganja mdomoni kama alivyoona wenzake wakifanya, akaliachia la pili, na hilo likapanda. Lilipasuka katikati, likaendelea kupanda. Sauti ya mzee yule ambayo kwa miaka yote ilikuwa ya kutaja bei na kuomba samahani ilipita juu ya mabati, juu ya minyaa, ikashuka bondeni kwenye mashamba. Akapiga tena, na tena.

Majembe yakaanguka. Walikuja kutoka kila upande, matope mpaka magotini, wanaume na wanawake, na Mihayo akiwa mbele anahema.

"Nani amepiga mwano?" aliuliza, maana ndivyo inavyoulizwa, hata kama mpigaji amesimama mbele yako.

"Mimi."

"Sababu?"

"Mbuke haamki."

Mihayo aliingia. Alikaa ndani kidogo, akatoka kofia mkononi. Wanawake wakaanza kulia. Yeye akamtazama Kamrudini, akaufuata kwa macho ule uzi wenye matope mpaka unakoingia kidirishani kwa marehemu. Kwenye msiba lazima awepo mtu wa kupokea pole, na Bujiku hakuna aliyejua yuko shimo gani.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza Mihayo.

Kamrudini alitafuta neno, kwa Kiswahili, kwa Kigujarati, kwa Kisukuma chake kidogo. "Alikuwa ananiamsha," alisema mwishowe. "Nami nilikuwa namjibu."

Mihayo akatikisa kichwa taratibu. Akawageukia watu. "Leteni kigoda," alisema. "Mkalisheni. Mfiwa ni huyu."

Wakamkalisha mlangoni kwa Mbuke, na watu wa Kharumwa wakapita mmoja mmoja wakainama wakamshika mkono. Pole, Baba Firoz. Pole sana, Baba Firoz. Aliwapokea wote, akilia bila kujificha. Usiku wa matanga wanaume walilala uani kwake kuuzunguka moto. Bujiku alipatikana baada ya maziko. Alikaa siku mbili, akachukua jogoo na jembe, akarudi machimboni.

Tangu hapo usingizi ulimhama Kamrudini. Ule usingizi wa debe, uliomshinda jogoo na mvua ya mawe, ulikwenda ukapotea. Jogoo wa kwanza akiwika humkuta amelala chali, macho makavu, anasikiliza watu wakipita na majembe. Wengine humwamkia dirishani, "Mwangaluka, Baba Firoz," naye huitikia. Uzi bado upo. Unapita dirishani, juu ya minyaa, unaingia kwenye nyumba isiyo na mtu. Kukianza kupambazuka huuvuta mara mbili, nao huja mwepesi, hauna kitu. Husema, "Nipo," halafu huinuka kwenda kufungua duka.